Mtu Hujikuna Ajipatapo: Kiasi katika Vitabu Vyetu Vitatu



Hapa Scarborough theluji ya mwisho imeyeyuka na majirani wameanza tena kujuana kwa sura.

Mwezi uliopita tulialikwa kumpongeza kijana wetu mmoja aliyehitimu chuo. Baada ya pilau mazungumzo yaliangukia vitabu, kama ilivyo desturi ya meza yetu, na mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema hivi: fasihi ya Kiswahili inafaa kutukumbusha nyumbani, lakini haina la kumwambia mtu wa Toronto anayeamka saa kumi alfajiri, mwenye kadi tatu za mkopo, anayelipia nyumba mbili katika mabara mawili. Watu wakacheka. Mimi nilicheka nao, kisha usiku nikakosa usingizi, kwa sababu nilikuwa na neno la kumjibu na sikulisema. Makala haya ndiyo jibu langu kwake.

Niseme mapema kwamba mimi si mtaalamu wa fasihi. Ni mhandisi wa majengo, mzaliwa wa Tanga, niliyekuja Kanada kusoma nikiwa kijana na nikabaki. Nasoma vitabu kama fundi anavyotazama nyumba ya mwenzake: nauliza mzigo uko wapi na nini kinaubeba. Nimechagua vitabu vitatu ambavyo wengi wetu tunavijua, na nataka kuvipima kwa jambo moja tu, nalo ni kiasi.

Neno hili lina maana mbili katika lugha yetu, na zote mbili zimo humu. Kiasi ni kipimo: kiasi gani cha saruji, kiasi gani cha maji. Kiasi pia ni kutozidisha: kula kwa kiasi, kusema kwa kiasi. Waliotuachia lugha hii hawakutenganisha maana hizo, na nadhani walikuwa na sababu. Asiyepima hawezi kujua kama amezidisha.

Tunayo methali isemayo mtu hujikuna ajipatapo. Mara nyingi nimeisikia ikitumika vibaya, mwenye nacho akimwambia asiye nacho aridhike na umaskini wake. Lakini hebu tuitazame vizuri. Mkono unaozungumzwa ni wa nani? Ni wa yule anayewashwa. Hakuna ajuaye unafika wapi isipokuwa yeye mwenyewe. Kwa hiyo methali hii haimpi jirani ruhusa ya kunipimia mgongo wangu. Inanitaka mimi nijue urefu wa mkono wangu. Rai yangu ni kwamba kiasi chenye thamani ni kile mtu anachojiwekea mwenyewe baada ya kujipima, na kwamba anayetaka kumwekea mwenzake mpaka sharti aanze na wake. Kwa mizani hiyo nitavisoma vitabu vyetu.

Kabla ya vitabu, nionyeshe pete yangu. Wahandisi waliofunzwa Kanada huvaa pete ndogo ya chuma kwenye kidole cha mwisho cha mkono wanaofanyia kazi. Wazo lilitolewa mwaka 1922 na Profesa H. E. T. Haultain wa Chuo Kikuu cha Toronto, maneno ya kiapo yakaandikwa na Rudyard Kipling, na sherehe ya kwanza ikafanyika Montreal mwaka 1925. Watu husimulia kwamba pete za kwanza zilitengenezwa kwa vyuma vya daraja la Québec lililoanguka. Si kweli, lakini naelewa kwa nini hadithi hiyo haifi.

Daraja lile lilikuwa likijengwa juu ya mto St. Lawrence. Nafasi kati ya nguzo zake kuu mbili ilikusudiwa kuwa futi 1,600, kisha ikaongezwa hadi 1,800, na kwa urefu huo likawa linaelekea kuwa kubwa kuliko yote ya aina yake duniani. Urefu uliongezwa, lakini uzito wa chuma haukupigiwa hesabu upya kwa wakati. Wafanyakazi waliona mihimili ya chini ikianza kupinda. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, alikuwa New York. Alipopata habari alituma simu ya maandishi kwamba mzigo usiongezwe, lakini simu ile haikuwafikia watu wa kazini kwa wakati. Tarehe 29 Agosti 1907 mkono wa kusini uliporomoka na watu 75 wakafa, miongoni mwao Wamohawk wengi wa Kahnawake. Mwaka 1916 kipande cha katikati cha daraja jipya kilianguka kikiwa kinainuliwa, wakafa wengine 13.

Daraja lilikuwa bado halijafunguliwa kwa treni siku ile ya 1907. Lilielemewa na uzito wake lenyewe. Jambo hilo nilifundishwa darasani nikiwa na miaka ishirini na kitu, nikalijibu vizuri kwenye mtihani, kisha nikaishi karibu miaka ishirini bila kulielewa.

Kitabu changu cha kwanza ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ambao wataalamu wengi wanaukadiria kuwa wa mwanzo wa karne ya 19. Wengi tulikutana nao shuleni tukiulizwa maana ya misamiati yake ya Kiamu, tukachoka nao kabla ya kuusikia. Mshairi anatazama Pate iliyokuwa tajiri na sasa imevunjika. Anakumbuka majumba ya matajiri, taa zao, vitanda vyao vya thamani, mwendo wao wa maringo. Kisha anatuingiza katika majumba yale yale baada ya wenyewe kwenda kaburini: wadudu wanalia kwenye kumbi za mazungumzo, na vile vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani za kigeni vimekuwa vitanda vya makinda ya ndege.

Kitu ambacho shuleni hatukufundishwa kukiona ni huyu anayesemeshwa. Sayyid Abdalla hawahutubii matajiri, maana hao wamekwisha kufa. Hatuhutubii hata sisi. Anausemesha moyo wake mwenyewe. Anaugombeza, anaubembeleza, anauuliza kwa nini hauzinduki. Tuna tenzi nyingi za mawaidha katika Kiswahili, na katika nyingi anayenasihi amesimama juu ya jukwaa. Huyu amekaa chini na kujitazama. Ndiyo maana mawaidha yake hayachukizi hata kwa mtu asiyependa mawaidha.

Hata hivyo utenzi huu una upungufu, nami sitauficha kwa sababu tu ni mkubwa na wa kale. Unatutisha, lakini hautupimii. Baada ya kuona magofu yale, msomaji anajua kwamba mali haidumu. Hajui mali kiasi gani ingetosha. Isitoshe, Pate haikuvunjwa na taa na vitanda peke yake. Kulikuwa na biashara iliyohama, ugomvi wa wenye mamlaka, na vita vya Shela vya mwanzoni mwa miaka ya 1810 ambamo Pate na Mombasa zilishindwa na Lamu. Mtu angeweza kuishi Pate kwa kiasi kikamilifu na bado ukuta wake ukaanguka. Mshairi anatufundisha kufa vizuri kuliko anavyotufundisha kuishi Jumatatu hadi Ijumaa.

Lakini ile picha ya ndege kwenye vidaka siwezi kuikimbia, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 2005 nilianza kujenga nyumba Tanga, upande wa Sahare. Ramani ya kwanza ilikuwa ya vyumba vitatu. Rafiki yangu alikuwa anajenga ya vitano, na mimi ndiye mhandisi, basi nikachora saba, na ghorofa, na roshani mbili. Mchana nilifanya kazi ya ofisini. Jioni na Jumamosi nilichukua kazi za watu binafsi ili kulipia nondo na mabati. Tiketi ya kwenda nyumbani ilipokuwa tayari mkononi, fundi alipiga simu kwamba saruji imepanda, nami nikaahirisha safari. Katika miaka kumi nilikwenda mara mbili.

Mama yangu aliishi Ngamiani, Barabara ya 12, katika nyumba ya vyumba viwili. Nyumba mpya ilipokwisha nilimwomba ahamie. Alikwenda kuitazama, akazunguka chumba baada ya chumba, akatoka. Kwenye simu aliniambia, "Mwanangu, vyumba saba nitamfagilia nani?" Akarudi Ngamiani, kwa majirani zake, na huko ndiko alikofia mwaka 2016. Nilifika baada ya maziko.

Nilikwenda kuiona nyumba baada ya arobaini. Mlinzi alikuwa anaishi katika chumba kimoja cha uani. Juu, kwenye roshani ya pili, njiwa walikuwa wamezaa. Sikuhitaji mwalimu wa fasihi kunieleza nilichokuwa nikikiona. Najua pia kwamba si mimi peke yangu. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mna roshani kama ile mahali fulani, Tanga, Kisumu, Bukavu au Unguja, na mlinzi anayelipwa kila mwezi kuwalinda njiwa.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuamini katika kiasi, na nikafanya kosa la waongofu wote: nikaanza kukihubiri kwa wengine. Hapa ndipo kinapoingia kitabu changu cha pili.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Rosa ni binti wa Zakaria, katika kijiji cha Namagondo, Ukerewe. Zakaria ni mlevi anayempiga mkewe Regina, lakini kwa binti zake ni askari. Barua ya mvulana inapokamatwa, Rosa anapata kipigo ambacho msomaji hakisahau. Basi binti anakua akiwaogopa wanaume kama watu wanavyoogopa nyoka. Anapokwenda kusoma mbali na macho ya baba, siku inafika hofu ile inamtoka, na chini yake hakuna kitu. Hakuwahi kupewa nafasi ya kujipima. Anaangukia upande wa pili kwa kasi ile ile aliyosukumiwa upande wa kwanza, na hatimaye anajiua.

Kitabu hiki kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Wakubwa waliona kitaharibu vijana. Mtu akikisoma kwa utulivu ataona kwamba marufuku ile ilikuwa kama sura ya nyongeza ya riwaya yenyewe. Zakaria alidhani barua ikichanwa tamaa imekwisha; wakubwa nao walidhani kitabu kikifichwa jambo limekwisha. Kizazi kilichotutangulia kinasimulia jinsi kilivyokisoma chini ya godoro. Mchovya asali hachovyi mara moja, nasi sote tunajua kwamba asali iliyofichwa ndiyo tamu zaidi.

Uhodari wa Kezilahabi ni kuwaweka baba na binti kwenye mizani moja. Angeweza kuandika hadithi ya msichana aliyepotoka, na shule zingeipokea kwa mikono miwili. Badala yake anatuonyesha pombe ya Zakaria kwanza. Mtu asiye na mpaka wowote ndiye mkali kuliko wote wa kuwawekea wengine mipaka, na ukali wake ni njia ya kujisahau. Sijui riwaya nyingine ya Kiswahili iliyolisema hili kwa uwazi kiasi hicho mapema kiasi hicho.

Mahali ninapomlaumu mwandishi ni mwisho. Karibu kila deni katika kitabu kile linalipwa na Rosa. Kati ya woga na maangamizi mwandishi hakuacha njia ya tatu. Sikumbuki mhusika anayejifunza kujizuia bila ya kupigwa wala kuangamia. Msomaji kijana anaweza kufunga kitabu akidhani kwamba ukiteleza mara moja basi umekwisha. Hiyo si kweli katika maisha, na naamini Kezilahabi mwenyewe alijua. Alitaka kutushtua wazazi, akafanikiwa, lakini alimtumia binti wa watu kutushtua.

Mimi nilishtuka miaka arobaini na kitu baada ya kitabu kuchapishwa. Nilikuwa nimeweka kikapu karibu na meza ya chakula. Sheria ilikuwa kwamba saa moja jioni kila simu ya mtoto inaingia kikapuni. Yangu nilikuwa nayo mfukoni kwa sababu ya kazi, na yule aliyekuwa akinipigia ni mteja wa zile kazi za pembeni ambazo nilikuwa nimeapa kuzipunguza. Jioni moja kijana wangu, wakati huo ana miaka kumi na mitano, aliweka simu yake, akasogeza kikapu hadi mbele ya sahani yangu, akasema, "Baba, na yako." Hakusema kwa ufidhuli. Mama yake alitazama pembeni. Nilikasirika, nikamfukuza mezani, na usiku ule nikiwa peke yangu nilimkumbuka Zakaria. Pombe sinywi. Lakini ipo pombe ya kazi, na mlevi wake hujiona mtu mwema kwa sababu anafanya kwa ajili ya familia.

Asubuhi nilimwomba radhi mwanangu. Katika malezi niliyolelewa mzazi hamwombi radhi mtoto, na maneno yalinitoka kwa shida. Tangu siku ile simu yangu ndiyo ya kwanza kuingia kikapuni.

Sasa nije kwenye kitabu cha tatu, ambacho kwangu ndicho kinachotoa jibu ambalo vile viwili vya kwanza havikulitoa. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969, kijana wa miaka ishirini na kitu, kwa sababu ya kijitabu chake cha mwaka 1968, Kenya: Twendapi?, kilichoikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Alifungwa miaka mitatu, sehemu kubwa akiwa peke yake. Mashairi aliyoyatunga huko aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, yakatolewa nje, na mwaka 1973 yakachapishwa kama Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta yule yule. Mambo ya dunia.

Fikirini hali yake. Ukuta amewekewa, mlango amewekewa, chakula amepimiwa, mwanga amepimiwa, watu wa kusema nao amenyimwa. Mtu katika hali hiyo, akipata kipande cha karatasi, angetarajiwa kumimina yaliyo moyoni bila mpangilio, maana hapo peke yake ndipo asipozuiwa na mtu. Naye anafanya nini? Anahesabu mizani. Mengi ya mashairi yale yamefungwa kwa vina na mizani za jadi za Mvita: mistari minne katika ubeti, vipande viwili katika mstari, silabi nane kila kipande, na kina hakikosi mahali pake. Hakuna askari aliyemwamuru. Hakuna mhariri aliyekuwa akimsubiri.

Nimejiuliza kwa miaka ni kwa nini, na nina majibu mawili. La kwanza ni la kihandisi. Shairi lenye vina na mizani hujilinda. Karatasi ikichukuliwa, maneno hubaki kichwani. Na neno moja likisahaulika, kina kinakwambia kuna pengo, na mizani inakwambia pengo ni la silabi ngapi. Ni kama tarakimu ya mwisho kwenye namba ya kadi ya mkopo, ambayo kazi yake ni kuonyesha kosa. Umbo lile halikuwa pambo. Lilikuwa kabati lake.

Jibu la pili ni la mtu wa kawaida. Aliyewekewa mipaka yote na wengine anabaki na mahali pamoja tu pa kuwa huru, nako ni kule anakochagua mpaka wake mwenyewe. Angalieni hata majina ya mashairi: Siwati, yaani siachi, N'shishiyelo ni Lilo, yaani nililolishika ni hilo hilo. Ni mtu anayechora mstari na kusema hapa sivuki. Serikali iliweza kumwambia wapi asiende; haikuweza kumwambia wapi asimame.

Diwani hii nayo ina ugumu wake. Msomaji wa bara atahitaji subira na Kimvita chake, na yapo mahali ambapo fumbo limefungwa mno hata lisilofumbuka bila ya kuijua siasa ya siku zile. Lakini katika suala letu la leo ina jambo ambalo Al-Inkishafi haina. Katika Mnazi: Vuta N'kuvute tunawasikia ndugu wawili wakijibizana juu ya mnazi na nani mwenye haki ya matunda yake. Hapo Abdilatif anatukumbusha kwamba kiasi hakiwezi kuzungumzwa bila haki. Asiyefikiwa na nazi hana cha kupunguza. Nami naomba nieleweke hivyo hivyo. Ndugu anayefanya kazi mbili Toronto kwa sababu kodi ya nyumba imemshinda, simwambii neno lolote kuhusu kujizuia. Nazungumza na sisi tuliokwisha kufika kwenye kutosha, tukapita bila kupunguza mwendo.

Pengine msomaji atasema: lakini Kezilahabi huyo huyo wa Rosa Mistika ndiye aliyetoa Kichomi mwaka 1974, akavikataa vina na mizani, na ugomvi mkubwa ukazuka kati ya wanajadi na wanamapinduzi wa ushairi. Wanajadi walikuwa na kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, na walimwona Kezilahabi kama mtu aliyevunja ukuta wa msikiti. Je, yeye si adui wa kiasi?

Zamani ningejibu ndiyo. Sasa najibu hapana. Zisomeni tena zile tungo za Kichomi. Nyingi ni fupi, zimebanwa, na maneno yake ni ya kawaida kabisa. Mtu aliyeandika vile hakukimbia mipaka. Alikataa ya kurithi akajiwekea yake. Abdilatif aliipokea ya kurithi kwa hiari yake, mahali ambapo hakuna aliyemlazimisha. Tuliwagombanisha watu ambao katika jambo hili wanakubaliana: kwamba umbo linalofaa ni lile ulilolichagua na ambalo uko tayari kulibeba. Mtunzi mbaya wa vina ni kama Rosa wa mwaka wa kwanza, anatii kwa woga. Mtunzi mbaya wa mashairi huru ni kama Rosa wa baadaye, anadhani kutokuwapo kwa baba ndio uhuru.

Nirudi basi kwa mzee wetu na swali lake. Fasihi ya Kiswahili ina nini cha kumwambia mtu wa Toronto mwenye kadi tatu za mkopo? Sayyid Abdalla anamwambia aanze na moyo wake mwenyewe. Kezilahabi anamwambia kwamba mpaka aliomwekea mtoto wake na yeye mwenyewe hauheshimu utageuka sumu. Abdilatif anamwambia kwamba mpaka uliochaguliwa na mwenyewe haumpunguzii mtu kitu. Unaweza hata kuwa nyumba yake ya mwisho isiyovunjwa.

Mimi nimejiwekea mitatu tu, na nawaambia si kwa kuwafundisha bali ili mje mniulize kama nimeishika. Kazi za pembeni nimeziacha kabisa, na ofisini niliikataa nafasi ya juu ambayo ingenirudisha kwenye kazi za usiku. Aliyeichukua anapata mshahara mnene kuliko wangu, na zipo siku roho inaniuma. Tiketi ya nyumbani inanunuliwa kwanza, kila baada ya miaka miwili, kabla ya jambo lingine. Na sijengi tena. Nyumba ya Sahare imetafutiwa mpangaji na bado hajapatikana. Kila anayekwenda kuitazama anaipenda, kisha anauliza ile ile aliyoiuliza mama.

Pete yangu imechubuka kwa kusuguana na meza, kwa sababu huvaliwa kwenye mkono wa kuandikia na kila ukiandika inagusa karatasi. Wakubwa zetu waliiweka hapo kwa makusudi. Wangeweza kututundikia onyo ukutani, lakini ukuta ni wa watu wote, na onyo la watu wote kila mtu hudhani ni la mwenzake.

Mzee wangu, nitakuletea Rosa Mistika siku ya mkutano. Nakala yangu haina jalada na kurasa za katikati zinatoka, basi isome taratibu. Naomba unirudishie kabla ya theluji, maana kijana wangu ameniambia kwamba zamu inayofuata ni yake.

Wasalaam.